Maswali na Majibu: Nimechoka Kuwatumikia Wengine

Mchungaji, namuuguza mama mkwe wangu, hainuki kitandani. Namgeuza, namwosha, namlisha, na hata asante sisikii. Siku hizi namhudumia huku nimenuna. Huo bado ni upendo?

Dada yangu, kuamka usiku wa manane kumgeuza mgonjwa asiote vidonda mgongoni, hata ukiwa umenuna, ni upendo. Tumezoea kuupima kwa tabasamu, sijui nani alitufundisha hivyo. Katika bustani ya Gethsemane Yesu aliomba kikombe cha mateso kimwepuke, akatokwa na jasho kama matone ya damu, kisha akaenda.

Na asante? Katika Luka 17 walitakaswa wakoma kumi, akarudi Msamaria mmoja. Yesu akauliza, "Wale kenda wa wapi?" Kwa hiyo kuumia kwa kukosa shukrani si dhambi. Ila hakuwarudishia wale tisa ukoma wao.

Hasira yako isikilize pia, maana mara nyingi ni mwili unaodai usingizi. Nabii Eliya alikaa chini ya mti wa mretemu akaomba afe (1 Wafalme 19). Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Ndipo akapata nguvu za kwenda siku 40 hadi Horebu, mlima wa Mungu. Basi waite mumeo na wifi zako mgawane zamu, kila mtu na usiku wake unaojulikana. Ukisema tu "jamani nisaidieni", kila mmoja atadhani unamwambia mwenzake.

Kikundi chetu cha kutembelea wagonjwa tulianza wengi, nimebaki peke yangu. Nikiacha, nani ataendelea?

Ndugu yangu, hapo pana upendo, na pengine pana na kiburi kidogo, jichunguze. Musa aliamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, na mkwewe Yethro akamwambia, "Jambo hili ufanyalo si jema" (Kutoka 18). Bidii yake haikuwa na kasoro, ila angechoka yeye, na watu nao wangechoka kusubiri. Vivyo hivyo katika Matendo 6, wajane waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume hawakuongeza saa zao za kazi. Waliliambia kanisa lichague watu 7.

Andika majina ya wagonjwa wako kwenye karatasi, mpelekee mzee wa kanisa, na usiondoke mpaka nusu ya majina yawe na mtu mwingine. Huyo mtu akienda kwa mgonjwa akakaa dakika kumi pale ulipokuwa unakaa saa nzima, mwache.

Kuna muumini mwenzangu ananikopa kila mara na halipi. Upendo unaniruhusu kukataa?

Unaruhusu. Keti naye mpige hesabu za matumizi yake, hilo litamgharimu zaidi kuliko mkopo. Paulo alimsema asiyetaka kufanya kazi (2 Wathesalonike 3:10), hakumsema asiyeweza, kwa hiyo jua kwanza huyu ni yupi.

Nahudumu miaka mingi lakini moyoni sihisi kitu tena. Nitatiwa moyo na nini?

Kutohisi kitu si ushahidi kwamba Mungu amekuacha. Barua za Mama Teresa wa Calcutta zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba alikaa muda mrefu katika giza la kiroho, na wakati huohuo aliendelea kuwahudumia wanaokufa.

Waebrania 6:10 inasema Mungu si dhalimu hata aisahau kazi yetu. Shika hilo, lakini tafuta na mtu. Paulo akiwa kifungoni Rumi aliburudishwa na Onesiforo, aliyemtafuta kwa bidii mpaka akampata, wala hakuuonea haya mnyororo wake (2 Timotheo 1). Mtafute mmoja anayefanya huduma kama yako, mwe mnaombeana kila wiki. Akikuuliza habari, usimjibu "Bwana ni mwema" ukaishia hapo. Mwambie hayo uliyoniandikia mimi.