Pesa ninayotuma haitoki kwenye tromboni

Dada, nimeona kwenye grupu la familia kwamba kiwanja cha Buswelu kinatafutiwa mteja ili mpwa wangu apate nauli ya kunifuata Chicago. Eti kuna mtu kamwambia kwamba mimi mjomba wake napiga jazi huku na dola zinamiminika. Nani anamdanganya mtoto hivi?

Pesa ninayowatumia natoa jikoni, hotelini. Naosha masufuria usiku. Sabuni imenichubua vidole mpaka kuvuta bomba la tromboni kunauma. Muziki ni Jumamosi tu, na kiingilio tunagawana watu watano. Ukitoa nauli, imekwisha. Mwanza ukipanda pick-up ya harusi na matarumbeta ukatoka Kirumba mpaka Capri Point, unatuzwa, unakula pilau, unarudi na chochote mfukoni.

Na msiniambie sisi ni ukoo wa muziki. Jack Teagarden, mpiga tromboni wa jazi wa Marekani aliyezaliwa Vernon, Texas, mwaka 1905, mama yake alipiga piano, dada yake Norma piano, ndugu zake wa kiume Charlie tarumbeta, Cub ngoma. Utotoni mikono ilikuwa mifupi, bomba halifiki mwisho, akajifunza kuzitafuta sauti kwa midomo. Wapigaji wanamsoma mpaka leo! Mwaka 1939 akaanzisha bendi yake kubwa. Kufika 1946 imevunjika, kabaki na madeni, na 1947 akaenda kupiga chini ya Louis Armstrong. Huyo ni bingwa, mzaliwa, hana wa kumuuliza makaratasi. Sembuse mtoto wa Igoma mwenye viza ya matembezi?

Ila kijana ana pumzi, jamani. Ile sauti mliyonirekodia akipiga kanisani nimewasikilizisha wenzangu wa bendi, wakanyamaza. Asiache. Asubuhi ashike sauti moja ndefu mpaka isitetemeke, na asome nota kwa mwalimu wa kwaya. Akipata chuo chenye ufadhili, aje, atalala kwangu, nitampikia ugali mwenyewe. Slide Hampton, mpiga tromboni mwingine wa jazi, naye alikulia kwenye bendi ya baba yake, akahamia Ulaya 1968, akakaa huko miaka. Lakini alikwenda jina lake likijulikana tayari. Kwa hiyo asije. Asije kwa pesa ya kiwanja, nasema.

Inaniuma kumzuia, mimi niliyeondoka. Najua atanichukia kidogo.

Mwambie dalali kiwanja hakiuzwi. Ada ya shule naituma Ijumaa. Tromboni ya marehemu baba iko juu ya kabati kwa mama. Mpeni hiyo, ila fundi aitazame kwanza, bomba lilikuwa linakwama.