Nikiupiga msasa uso, umeme utakoma?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa majokofu hapa Ngara. Juzi nilipasua kile kisahani cheupe cha kupoozea kutoka jokofu dogo la gari, nikakuta vipande vya kijivu vinavyong'aa. Kijana wangu akasoma kuwa ni bismuti teluraidi, yaani bismuti iliyoungana na teluri, eti ndani ni kihami ila usoni inapitisha umeme. Nikiupiga msasa huo uso, si umeme utakoma?

JIBU: Marahaba, fundi. Kwanza weka msasa chini. Vumbi la teluri ni sumu, usilivute.

Umeme haukomi. Ukiondoa uso mmoja, tabaka lililokuwa chini yake linakuwa uso mpya, nalo linapitisha vilevile. Si rangi iliyopakwa juu. Chanzo chake kiko tumboni mwa kipande chenyewe.

Wewe ni jirani wa Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, basi tazama pale. Sisi tunaendesha kushoto, Rwanda kulia. Kila gari linalovuka sharti lihame upande, na mahali fulani njia hukatana. Hata mpaka huo wa nchi ukisogezwa kilomita mbili, makutano yatausindikiza. Sasa, atomu za bismuti ni nzito mno, na uzito huo umepindua ngazi za nishati za elektroni: iliyostahili kuwa juu iko chini. Hewani mpangilio ni wa kawaida. Kwa hiyo pale usoni ngazi lazima zipishane, na haziwezi kupishana bila kukutana. Zikikutana, pengo kati ya ngazi hizo, lililokuwa likizuia umeme, linafungika.

Wanafizikia Liang Fu na Charles Kane walilitabiri hilo mwaka 2007 kwa aloi ya bismuti na antimoni. Mwaka 2008 kundi la Zahid Hasan, wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, likaliona kwa kuipiga aloi hiyo mwanga na kupima elektroni zilizochomoka. Zamu ya teluraidi yako ilifika 2009.

Linalonifurahisha zaidi ni spini, yaani ile tabia ya elektroni kuwa kama sumaku ndogo yenye mwelekeo wake. Usoni, mwelekeo wa spini ya elektroni umefungwa na mwelekeo wa safari yake. Ili irudi ilikotoka lazima ipindue spini, na uchafu wa kawaida hauna uwezo huo. Wenye usumaku ndio unaoweza.

Lakini multimita yako haitakuonyesha haya. Vipande vya jokofu vimechanganywa makusudi ili umeme upite hadi ndani, maana bila hivyo visingepooza. Utakachopima ni umeme wa tumbo, na ule wa usoni umezama humo.