Viunzi na Tambarare: Majibu kwa Wanaobeti Mbio za Farasi

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu waliozoea kubeti mpira na sasa wamekutana na mbio za Uingereza na Ayalandi kwenye simu zao. Tumechagua saba.

Wahariri, habari za kazi. Naona mbio nyingine farasi wanaruka, nyingine wanakimbia tu. Kwa mwenye kuweka dau, tofauti ni nini? Na mgeni aanzie wapi? (Msomaji, Arusha)

Nzuri, ndugu. Katika mbio za tambarare unajiuliza nani ana kasi zaidi leo. Katika mbio za kuruka, swali la kwanza ni kama farasi wako atafika mwisho. Kasi inafuata baadaye.

Tazama umbali. Tambarare huanzia fulongo 5, na fulongo moja ni mita 201, kwa hiyo ni kilomita moja hivi na mambo yanaisha kwa dakika moja. Derby ya Epsom, iliyoanza mwaka 1780, ni mita 2,420 na ni ya farasi wa miaka mitatu peke yao. Mbio za kuruka huanzia karibu maili 2, yaani kilomita 3.2. Grand National, inayofanyika Aintree, Liverpool, ni kama kilomita 6.9 na ina vizuizi 30.

Kuruka kwenyewe kuko kwa aina mbili, na hapa ndipo wengi huchanganya. Kuna viunzi vyepesi, vyenye kimo cha kuanzia mita 1.07, ambavyo farasi akivigonga vinalala naye anayumba kidogo tu kisha anaendelea. Halafu kuna vizuizi vikubwa vilivyoshindiliwa matawi, kuanzia mita 1.37. Akikosea hapo, mara nyingi joki, yaani mpanda farasi, yuko chini. Farasi aliyeshinda mara tatu kwenye viunzi vyepesi anapoingia kwenye vizuizi vikubwa kwa mara ya kwanza, mhesabu kuwa mwanafunzi. (Ile mita 3,000 kuruka viunzi na maji ambayo Wakenya wameitawala kwenye riadha ilitokana na mbio hizi za farasi, za enzi walizokuwa wakikimbia kutoka mnara wa kanisa moja hadi mwingine wakiruka kila ua na mfereji njiani.)

Farasi wenyewe pia si sawa. Wa tambarare huanza mashindano wakiwa na miaka miwili, na dume bora hustaafishwa mapema ili azalishe. Frankel alishinda mbio zake zote 14 kati ya 2010 na 2012, akaondoka akiwa na miaka minne. Wa kuruka wengi wao wamehasiwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kuwastaafisha mapema. Red Rum alishinda Grand National mwaka 1973, 1974 na tena 1977 akiwa na miaka 12. Kwa mbeti faida ni kubwa: farasi wa kuruka ana rekodi ya miaka mingi unayoweza kuisoma. Wa miaka miwili kwenye tambarare anaweza kuwa hajakimbia hata mara moja, na wanaojua uwezo wake ni watu wa zizi lake.

Ushauri wetu kwa mgeni: anza na viunzi vyepesi vya maili 2 hadi 2 na nusu, farasi 8 hadi 12, wote wakiwa wameshakimbia angalau mara nne. Kaa mbali na mbio za fulongo 5 zenye farasi 20. Grand National itazame kwa raha, na dau lako liwe la soda.

Nakuta "2F1-P3U" mbele ya jina la farasi. Ni namba ya siri? (Msomaji, Nakuru)

Ni historia yake. Soma kutoka kushoto kwenda kulia, na alama ya mwisho kulia ndiyo mbio za karibuni kabisa. Tarakimu ni nafasi aliyomaliza, na 0 ni wa kumi au nyuma zaidi. Kistari kinatenganisha msimu na msimu, na mkwaju (/) unaonyesha alipumzika kwa muda mrefu zaidi.

Herufi ndizo za kuzingatia kwenye kuruka. F, ameanguka. U, joki amedondoka lakini farasi alibaki wima. P, joki alimsimamisha kabla ya mwisho. R, aligoma kuruka. B, aliangushwa na mwenzake.

F moja isikutishe, hasa kama alianguka akiwa mbele kwenye kizuizi cha mwisho. Tunaogopa P zaidi, na P mbili mfululizo tunazikimbia, kwa sababu maana yake pumzi ilikata, ameumia, au uwanja haumfai. Bei yake huwa bado inavutia kwa kuwa watu wanakumbuka ushindi wake wa mwaka jana. B haina lawama kabisa. Mwaka 1967 pale Aintree, farasi asiye na joki alikatiza mbele ya wenzake kwenye kizuizi cha 23, karibu wote wakarundikana au kusimama, na Foinavon aliyekuwa nyuma sana akapata upenyo akashinda kwa odi 101.00, yaani kila shilingi ya dau ilirudisha 101. Walioangushwa siku ile hawakuwa wamekosea kuruka.

Kilo mbili za ziada mgongoni mwa farasi zina maana gani? (Msomaji, Mwanza)

Inategemea umbali. Kwenye mbio za handikapu, ambako farasi bora hubebeshwa mzigo mkubwa zaidi ili wote walingane, kila farasi ana alama ya uwezo, na alama moja ni ratili moja ya mzigo, gramu 454. Wapangaji wa mizigo hiyo hukadiria kwamba kwenye fulongo 5, ratili 3 ni sawa na urefu wa farasi mmoja. Kwenye maili 3 za kuruka, ratili moja tu inatosha kwa urefu huohuo. Kilo zako mbili ni ratili 4 na ushee: urefu mmoja na nusu kwenye mbio fupi, lakini zaidi ya urefu wa farasi wanne kwenye mbio ndefu. Uwanja ukiwa tope, mzigo huo unauma zaidi.

Mbona farasi aliyeshinda kwa mbali Mei anashindwa hata kuonekana Oktoba? Na namba ya kizimba ina kazi gani? (Msomaji, Kampala)

Tuanze na ardhi. Hali ya uwanja hutangazwa kwa ngazi: mgumu sana, mgumu, mgumu kiasi, mzuri, laini kiasi, laini, na mzito, yaani tope. Kupanda au kushuka ngazi mbili kunatosha kumgeuza mshindi kuwa mkia. Mwenye hatua fupi za haraka hupenda ardhi kavu. Mwenye kwato pana na goti linalopanda juu huogelea kwenye tope. Msimu mkuu wa kuruka ni Oktoba hadi Aprili, majira ya mvua na baridi kule, kwa hiyo ni swali la kila siku. Fungua rekodi ya farasi, tenga mbio alizokimbia kwenye ardhi kama ya leo, na nyingine uzipe uzito mdogo. Angalia tena asubuhi ya mbio: mvua ya usiku mmoja inaweza kufuta kazi yako yote ya jana.

Kizimba, yaani kile kibanda ambamo kila farasi husimama kabla ya mbio kuanza, ni cha tambarare tu. Mbio za kuruka huanza kwa utepe bila vizimba, kwa hiyo hakuna wa kulaumu kizimba. Mfano mzuri ni Chester, uwanja mdogo wa mduara wa maili moja hivi, kona karibu mwanzo hadi mwisho, zote kushoto. Kwenye mbio zake fupi mwenye namba ndogo yuko ndani na anakimbia njia fupi, wakati aliyepangwa nje kabisa anazunguka kila kona kwa mbali. Hapo farasi wa wastani kwenye kizimba cha 2 tunampa heshima kuliko bora zaidi aliye cha 13. Kwenye mbio ndefu kidogo, athari hupungua kwa sababu majoki wana muda wa kujipanga.

Dau la kushinda pamoja na nafasi: ni la maana au ni kulipa mara mbili? (Msomaji, Mombasa)

Ni kulipa mara mbili kweli, dada, maana ni madau mawili. Ukiandika 1,000, unatoa 2,000: elfu moja farasi ashinde, elfu moja ashike nafasi, yaani amalize miongoni mwa wa kwanza. Masharti ya kawaida ni haya. Farasi wasiozidi 4, hakuna nafasi. Farasi 5 hadi 7, nafasi mbili kwa robo ya odi. Farasi 8 na kuendelea, nafasi tatu kwa moja ya tano. Handikapu ya farasi 12 hadi 15, nafasi tatu kwa robo. Ya 16 na zaidi, nafasi nne kwa robo.

Chukua farasi wa odi 21.00 kwenye mbio za farasi 10. Toa dau, inabaki 20. Moja ya tano ni 4. Ongeza dau, odi ya nafasi ni 5.00. Akiwa wa tatu unapokea 5,000, faida 3,000. Akishinda unapokea 21,000 na 5,000.

Sasa fanya hivyo kwa odi 3.50. Odi ya nafasi inakuwa 1.50. Akiwa wa tatu unapokea 1,500 na ulitoa 2,000. Umeshangilia hasara. Mpaka uko hapa: kwa moja ya tano, odi isiwe chini ya 6.00, kwa robo, isiwe chini ya 5.00. Chini ya hapo, mwamini farasi ashinde au umwache.

Mtego mwingine ni mbio za farasi 8 kamili. Akitolewa mmoja asubuhi wanabaki 7, na nafasi ya tatu imekufa. Ndiyo maana tunapenda kuona 9 au 10. Tambua pia kwamba kwenye vizuizi vikubwa, wakati ardhi ni tope, wengine huanguka au husimamishwa, na farasi asiye na kasi lakini mrukaji makini hujikuta wa tatu. Dau la nafasi lina nguvu hapo kuliko kwenye tambarare, ambako karibu kila anayeanza humaliza.

Nikiunganisha vipenzi watano wa odi 3.00 kwenye mkeka mmoja napata 243. Kwa nini nisifanye? (Msomaji, Bukavu)

Kwa sababu ya makato yasiyoonekana. Tuseme mbio zina farasi sita kwa odi 3.00, 4.00, 5.00, 7.00, 9.00 na 11.00. Gawa 100 kwa kila odi, kisha jumlisha: inakuja karibu 112.8. Hizo 12.8 zilizozidi 100 ni za kampuni. Kwa hiyo yule wa 3.00 hana asilimia 33.3 ya kushinda; ana kama 29.5. Watano kushinda wote ni mara moja katika karibu 450, na wewe unalipwa 243. Kwa dau moja moja makato ni madogo. Kwenye mkeka yanazidishana.

Kwenye kuruka kuna la ziada. Machi 10, 2015, siku ya kwanza ya tamasha la mbio za kuruka la Cheltenham, Uingereza, watu wengi waliunganisha farasi wanne wa mkufunzi Willie Mullins. Douvan akashinda, Un De Sceaux akashinda, Faugheen akashinda. Annie Power akaja kiunzi cha mwisho akiongoza, akaanguka. Mikeka yote ikachanika kwenye mruko mmoja. Alikuwa farasi bora wa mbio zile, na mwaka uliofuata alitwaa Champion Hurdle, mbio kubwa ya viunzi vyepesi, palepale.

Dau 1,000, odi 8.00, farasi ameshinda, nimelipwa 6,250. Nimeibiwa? Na nikienda Ngong mambo ni hayohayo? (Msomaji, Nairobi)

Hukuibiwa. Ni Kanuni ya 4. Farasi akitolewa baada ya wewe kubeti, waliobaki wamerahisishiwa kazi, basi faida yako inakatwa kulingana na odi ya aliyetoka. Akiwa na odi 2.00 makato ni asilimia 45, 3.00, asilimia 30, 4.00, asilimia 25, 5.00, asilimia 20, 7.00 hadi 10.00, asilimia 10, 11.00 hadi 15.00, asilimia 5. Zaidi ya hapo hakuna. Aliyetolewa kwenye mbio zako bila shaka alikuwa wa 4.00: faida 7,000 ikakatwa 1,750. Dau halikatwi. Ukibeti miezi kabla, kwa kawaida Kanuni ya 4 haihusiki, lakini farasi wako asipokimbia pesa imeenda.

Kwenye uwanja wa Ngong, Nairobi, mbio ni za tambarare, kwa hiyo herufi F na P ziweke kando. Kama unabeti kwa toti, odi haijulikani mpaka madirisha yafungwe: madau yote huingia chungu kimoja, makato hutolewa, kinachobaki hugawiwa washindi. Kwa mfano, chungu kina 50,000, makato asilimia 20, na tiketi za farasi wako ni 10,000. Kila shilingi inalipwa 4. Wewe ukiongeza 5,000 kwa farasi huyohuyo, chungu kinakuwa 55,000, baada ya makato 44,000, na tiketi 15,000. Sasa kila shilingi inalipwa 2.93. Odi umeishusha wewe mwenyewe, kwa hiyo kwenye chungu kidogo weka kidogo, na uweke dakika za mwisho ukishaona ubao unasema nini.