Je, kabonidayoksaidi, gesi inayopasha dunia joto, ikizikwa ardhini ili isibaki hewani, hubaki gesi?

Hapana, si katika miamba ya basalti (miamba ya volkano), ambako hugeuka mawe. Katika majaribio ya CarbFix, mradi wa kuzika gesi hiyo, huko Hellisheiði, Aislandi, mwaka 2012, kabonidayoksaidi iliyoyeyushwa katika maji ilisukumwa mita 400 hadi 800 chini ya ardhi ikiwa imetiwa alama ya kaboni-14 (aina ya kaboni yenye mionzi) ili itambulike katika visima vya uchunguzi, na matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Science mwaka 2016 yalikadiria kwamba zaidi ya asilimia 95 yake ilikuwa imegeuka madini ndani ya miaka miwili, kasi ambayo wengi hawakuitarajia. Kikwazo ni maji, kwani tani moja ya gesi huhitaji takribani tani 25. Hofu ya kuvuja inahusu zaidi miamba ya mchanga, kama ya Sleipner, eneo la kuzika gesi hiyo chini ya bahari huko Norwei, ambako gesi huzuiwa hasa na tabaka lisilopenyeka lililo juu yake.