Maswali yenu: maziwa ya mtoto njiti na akili yake ya kesho

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wazazi wa njiti, watoto waliozaliwa kabla ya kutimiza wiki 37 tumboni. Wawili wameuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti, nikawaunganisha.

Nimejifungua wiki ya 29, mtoto ana gramu 1,150. Nikikamua hakijai hata kijiko cha chai. Muuguzi anasema nisimwage. Matone hayo yatamsaidia nini? – Mama wa siku nne

Hongera, mama, na usimwage hata tone. Hiyo ni dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, na mtoto wako hahitaji kikombe. Njiti wa uzito huo huanzishiwa mililita moja au mbili kwa mlo kupitia mrija, kisha huongezewa kidogo kidogo, kwa sababu utumbo wake bado ni mchanga. Dang'a ina kinga nyingi, na maziwa ya mama hupunguza hatari ya ule ugonjwa wa njiti uitwao NEC, ambao utumbo huvimba na sehemu yake kufa. Ukiusikia unatajwa wodini utaelewa kwa nini wauguzi ni wakali kuhusu maziwa yako.

Mwombe muuguzi akuonyeshe jinsi ya kumpaka dang'a ndani ya shavu kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Utaona ulimi unachomoza, unatafuta. Kunyonya kwenyewe bado, maana kunyonya, kumeza na kupumua kwa zamu ni kazi ambayo watoto wengi huanza kuimudu kati ya wiki ya 32 na 34, ukihesabu tangu mimba ilipoanza. Hadi hapo kazi yako ni kukamua mara 8 hadi 10 kwa siku, usiku ukiwemo, na kumweka kifuani ngozi kwa ngozi kila unaporuhusiwa. Ukiruka usiku, matiti huamini mtoto hayupo.

Tumeambiwa maziwa ya mama hayana mfano. Mbona wanatia unga fulani kwenye maziwa ya mke wangu? Yana kasoro? – Baba mwenye wasiwasi

Hayana kasoro, na tafadhali mwambie mkeo hivyo leo, kabla hajaanza kujilaumu.

Chukua kalamu tupige hesabu. Njiti mdogo anahitaji protini gramu 3.5 hadi 4 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Maziwa ya mama yaliyokwisha kukomaa yana takriban gramu 1 katika mililita 100. Mtoto wa kilo moja hunywa mililita 150 hadi 180 kwa siku, basi anapata gramu 1.5 hadi 1.8. Ni kweli maziwa ya mama aliyejifungua mapema huwa na protini zaidi mwanzoni, lakini hushuka ndani ya wiki chache. Hapo hatujagusa kalisi, madini ya mifupa, ambayo sehemu kubwa yake, takriban asilimia 80, mtoto huipokea kupitia kondo katika miezi mitatu ya mwisho. Wako aliikosa miezi hiyo. Ule unga unafidia kazi ya kondo, na hupimwa kulingana na kiasi cha maziwa. Si kitu cha kununua na kukoroga nyumbani kwa kukisia.

Je, chakula cha wiki za kwanza kinaweza kubadili akili ya mtoto akiwa mkubwa, au ni maneno ya kututisha? – Wasomaji wawili

Kinaweza, na ushahidi wake ni wa siku nyingi. Miaka ya 1980 huko Uingereza, daktari wa watoto Alan Lucas na wenzake waliwagawa njiti kwa bahati nasibu: wengine wakapewa maziwa ya kopo ya kawaida, wengine yale yaliyoongezewa virutubishi kwa ajili ya njiti. Yote hayo kwa takriban mwezi mmoja tu. Walipowapima tena wakiwa na umri wa miaka saba na nusu hadi minane, wavulana waliokuwa wamelishwa maziwa ya kawaida peke yake walikuwa nyuma kwa pointi 12 katika kipimo cha akili cha upande wa lugha. Mwezi mmoja, na alama yake bado inaonekana darasa la pili! Kwa wasichana tofauti haikuwa kubwa hivyo.

Sababu yake si muujiza. Mtoto akiwa na wiki 34 tangu mimba ilipoanza, ubongo wake una takriban theluthi mbili tu ya uzito utakaokuwa nao wiki ya 40. Ujenzi wote uliobaki unafanyika nje ya tumbo, kwa vifaa vinavyopita kwenye mrija.

Ila msiniwekee maneno mdomoni: sikusema maziwa ndiyo kila kitu. Damu kuvuja kwenye ubongo, maambukizi, mapafu yaliyosumbuka muda mrefu, na baadaye mtoto kuzungumziwa au kuachwa kimya, vyote vina uzito. Na wewe uliyeandika kwamba mtoto alikaa siku kumi bila kuongezeka kwa sababu alikuwa mgonjwa mahututi, hukukosea kitu. Kwanza alipaswa kuishi.

Mjukuu wangu ana miezi sita, hajakaa. Alizaliwa wiki ya 30. Wa jirani wa umri huohuo anakaa anacheza. Ni lishe? – Bibi

Shikamoo, bibi. Kwanza turekebishe umri. Miezi sita ni wiki 26. Aliwahi kwa wiki 10, toa hizo, zinabaki 16. Kwa hiyo huyo ni mtoto wa miezi isiyofika minne, na kazi yake sasa ni kukaza shingo. Endelea na hesabu hiyo mpaka atimize miaka miwili. Isipokuwa kwenye chanjo: hizo hufuata tarehe ya kuzaliwa, na wengi hukosea hapo.

Lakini mpeleke mapema ukiona mwili umekakamaa au umelegea kupita kiasi, ngumi moja haifunguki, au macho hayafuati uso wako.

Nianze lini kumpa chakula cha nyongeza? – Mama wa pacha

Hesabu kwa umri uliorekebishwa, na usikimbilie. Utafiti uliofanywa India na kuchapishwa 2017 ulilinganisha kuanza miezi minne na kuanza miezi sita ya umri huo. Uzito wa watoto walipofika mwaka haukutofautiana, ila walioanza mapema walilazwa hospitali mara nyingi zaidi. Kinachohitajika mapema ni madini ya chuma ya matone, miligramu 2 hadi 4 kwa kilo kwa siku, kuanzia kama wiki ya pili baada ya kuzaliwa, kwa maelekezo ya kliniki. Pacha wako hawakupata muda wa kujiwekea akiba.

Nimnenepeshe haraka awafikie wenzake? – Mama J.

Hapana. Kunona si kukua. Kliniki wakimweka kwenye mizani tu, waombe wapime pia urefu na mzunguko wa kichwa. Uzito ukipaa na hivyo viwili vimesimama, unachoongeza ni mafuta.

Wangu alizaliwa wiki ya 33, tumeruhusiwa jana. Analala saa tano mfululizo, halii njaa. Nimwache? – Mama mpya

Usimwache. Njiti huweza kuwa na njaa na bado akalala. Kila baada ya saa mbili hadi tatu mfungue nguo, msugue nyayo, mbadilishe nepi, kisha mweke kwenye titi. Akishindwa kuamka au akinyonya mara mbili na kulegea, usisubiri asubuhi, rudini hospitali.