Maswali ya Wasomaji: Matumbawe, Msitu na Begi Mgongoni

Shikamoo Mjomba. Mimi na rafiki yangu tumedunduliza mpaka tumepata nauli ya kwenda Cairns, kaskazini mwa Queensland, Australia. Tuna siku kumi na mabegi ya mgongoni, basi. Tunataka kuona Great Barrier Reef, ile miamba mikubwa ya matumbawe baharini, na msitu wa Daintree. Twende mwezi gani, na tuanze wapi?
*Wawili wenye mabegi*

Marahaba, wapwa zangu. Anzeni baharini, kwa sababu ya upepo. Kuanzia Mei hadi Agosti huko ni kiangazi na mvua ni chache, lakini upepo wa kusini-mashariki huweza kuvuma siku nyingi mfululizo. Bahari ikichafuka hivyo, abiria wengi hufika kwenye matumbawe wamelegea kwa kichefuchefu, na majini hawaoni mbali. Siku ya bahari mkiiweka mwisho wa safari na ikaangukia upepo, mmeikosa. Mkiiweka mwanzo, mnaisogeza mbele. Msitu hauna shida hiyo. Tena msitu wa mvua unapendeza zaidi ukinyeshewa.

Mwezi? Mimi ningechagua mwishoni mwa Septemba au mapema Oktoba. Upepo huwa umeanza kutulia, maji yamepata joto, na masika yao bado. Desemba hadi Machi mito hufurika na vimbunga hupita. Mwenye siku kumi tu asijaribu.

Kuna sababu nyingine ya kutanguliza bahari. Kama mtapiga mbizi kwa mitungi, naitrojeni huyeyuka ndani ya mwili mkiwa chini ya maji. Mkipanda juu upesi, kwa ndege au kwa barabara ya milimani, presha ya hewa hupungua na gesi ile hutoka kwa mapovu ndani ya damu na viungo. Ushauri wa tiba ya uzamiaji ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida kabla ya kuruka, na angalau saa 18 baada ya mbizi zaidi ya moja au za siku kadhaa. Nyanda za juu za Atherton, nyuma ya Cairns, zina sehemu zinazozidi mita 700, kwa hiyo nazo zipeni nafasi. Anayeogelea kwa miwani na mrija tu hahusiki.

Siku ya kwanza nendeni Fitzroy Island. Ni chini ya saa moja kwa boti, na matumbawe yanaanza hatua chache tu kutoka ufukweni, kwa hiyo mtajizoesha vifaa bila haraka. Baada ya hapo lipieni siku moja nzuri kwenye miamba ya nje, ile iliyo mbali na pwani, ambako maji ni maangavu zaidi. Siku moja yenye mwongozaji anayeingia majini pamoja nanyi ina faida kuliko boti tatu za bei rahisi.

Kisha Daintree, na hapa nawasihi: laleni huko. Wengi huondoka Cairns alfajiri, wakavuka mto kwa pantoni, wakapiga picha kwenye rasi ya Cape Tribulation na kurudi jioni. Wameona barabara. Msitu unaanza kusikika magari yakiondoka, na asubuhi mapema ndipo mnaweza kubahatika kumwona kasuari, ndege mkubwa asiyeruka ambaye dume lake ndilo huatamia mayai na kulea vifaranga. Hupenda kula matunda yanayoanguka, kisha husambaza mbegu kwa kinyesi chake, zikiwemo kubwa ambazo ni wanyama wachache mno wanaoweza kuzimeza. Pale Cape Tribulation msitu unashuka hadi mchangani na matumbawe yako mbele yake: maeneo mawili ya Urithi wa Dunia yanayogusana, la bahari lililoorodheshwa 1981 na la msitu 1988. Mwaka 2021 hifadhi ya Daintree ilirudishwa mikononi mwa wenyewe, watu wa Eastern Kuku Yalanji. Mkipita korongo la Mossman Gorge, tembeeni na mwongozaji wa jamii hiyo. Atawaonyesha chakula, dawa na sumu pale ambapo ninyi mngeona majani tu.

Mjomba, mama amesikia habari za mamba na yavuyavu (viwavi wa baharini wenye sumu) wa Australia, sasa hataki niende. Nimwambie nini?
*Kitinda mimba*

Mwambie ana haki ya kuogopa, kisha mwonyeshe kwamba unajua la kufanya. Mamba wa maji chumvi wapo mitoni, kwenye mikoko na hata ufukweni. Usiingie kwenye maji yenye bango la onyo, wala yasiyo na bango kama mwenyeji hajakuhakikishia. Simama mita 5 au zaidi kutoka ukingoni, na hema lipige angalau mita 50 kutoka majini.

Yavuyavu hatari hupatikana zaidi kati ya Novemba na Mei. Katika miezi hiyo vaa suti nyembamba inayofunika mwili mzima. Boti nyingi huzitoa. Mtu akiumwa, mmwagie siki pale palipoumwa kwa sekunde 30 au zaidi, usipasugue, na upige simu 000, namba ya dharura ya Australia.

Ukikutana na kasuari usikimbie. Rudi nyuma polepole huku ukimwangalia, na begi lako liweke mbele ya kifua liwe ngao. Usimpe chakula hata kidogo: akizoea kulishwa na watu huwafuata, na akifuata magari hugongwa.

Jambo ambalo mama hakulisikia ni mti uitwao gympie-gympie. Majani yake ni mapana, yana umbo la moyo na vinyweleo laini, na humea sana pembezoni mwa njia na penye mwanga. Ni kama upupu, ila maumivu yake yanaweza kurudi kwa miezi. Usiguse jani usilolijua, na usiache njia.

Nasoma kwamba matumbawe yale yamekufa. Kuna haja gani ya kwenda kutazama makaburi?
*Mwenye mashaka*

Hayajafa yote, ndugu yangu, na neno makaburi linanichoma. Tumbawe ni mnyama mdogo anayeishi na mwani ndani ya mwili wake. Mwani humlisha kwa nuru ya jua. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa, tumbawe huutoa mwani huo na kubaki jeupe. Weupe huo ni njaa. Joto likishuka mapema mwani hurudi, likiendelea tumbawe hufa. Kubauka kwa eneo kubwa kumetokea 1998, 2002, 2016, 2017, 2020, 2022, 2024 na 2025, na nafasi ya kupona inazidi kuwa fupi. Lakini mfumo ule una urefu wa zaidi ya kilomita 2,300 na miamba ipatayo 2,900. Upande mmoja umeumia vibaya, mwingine umechipua.

Nenda, ila nenda kama mgeni mwenye adabu. Jizoeze mapezi ya miguuni juu ya mchanga kabla hujafika kwenye matumbawe, maana teke moja huvunja kilichokua kwa miaka. Vaa shati la mikono mirefu badala ya kujipaka losheni ya kukinga jua mwili mzima. Muulize mwongozaji kuhusu mito: tope na mbolea vinavyosombwa kutoka mashambani huyadhoofisha matumbawe, na huaminika kuwanenepesha watoto wa kiti cha pweza chenye miiba, mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, ambacho kikikua hula matumbawe. Ndiyo maana msitu unaoshika udongo mlimani ni jambo la baharini pia.

Nibebe viatu vyangu vya zamani vya kupandia milima?
*Mwenye buti*

Vibebe, ila vioshe mpaka kwenye mifereji ya soli, uvikaushe, na uvitaje kwenye fomu ya kuingia Australia kama vina udongo wowote. Ukaguzi wao ni mkali, kwa haki: udongo hubeba vimelea vinavyoua mimea. Vioshe tena kabla ya kuingia msituni.