Berlin kwa siku mbili na kamera: anzia Bernauer Straße

Mkuu, umeuliza una siku mbili Berlin, upige wapi picha za enzi mji ulipogawanywa. Nilikaa kule siku sita, nikapiga picha zaidi ya elfu moja. Ninazozithamini hadi leo hazifiki ishirini, na karibu zote ni za mtaa mmoja: Bernauer Straße.

Shuka Nordbahnhof. Kituo hicho kilikuwa upande wa mashariki lakini treni za chini ya ardhi zilihudumia abiria wa magharibi, kwa hiyo miaka yote ya Ukuta wa Berlin, uliotenganisha pande hizo mbili, zilipita bila kusimama. Maelezo na picha za zamani zimewekwa humohumo kituoni. Zitazame kabla hujatoa kamera.

Ukitoka nje utakuta nyasi, na nondo zenye kutu, ndefu kuliko mtu, zimesimikwa pale Ukuta ulipopita. Nilimaliza asubuhi nzima hapo. Ukizikabili uso kwa uso unaona hadi ng'ambo, mtoto na baiskeli yake, mama na mkoba. Jongea pembeni, zinaanza kubanana. Jongea tena, zimeziba kabisa, ng'ambo huioni. Piga ya uso kwa uso na ya pembeni kwa lenzi ileile, uziweke pamoja.

Mtaani hapo nyumba za upande mmoja zilikuwa mashariki, njia ya miguu mbele ya mlango ikawa magharibi. Baada ya mpaka kufungwa tarehe 13 Agosti 1961, watu waliruka kutoka madirishani, na wengine walikufa. Siku mbili baadaye askari kijana wa mashariki, Conrad Schumann, aliruka seng'enge kwenye kona ya Ruppiner Straße, na mpiga picha Peter Leibing akamnasa akiwa hewani. Nilisimama kwenye kona ile muda mrefu bila kuinua kamera.

Usikose Kanisa la Upatanisho. Lile la zamani lilibaki katikati ya eneo la mpaka, serikali ya mashariki ikalilipua mwaka 1985. Lililopo sasa, la mwaka 2000, limejengwa kwa udongo ulioshindiliwa. Sogeza lenzi karibu na ukuta wake: ndani ya udongo mna vipande vya kanisa lililolipuliwa. Mimi niliyekulia nyumba ya udongo, picha hiyo ndiyo iliyonigusa kuliko zote. Ndani mwanga ni hafifu. Pandisha ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga), usiwashe flashi.

East Side Gallery, kilomita 1.3 za Ukuta uliochorwa mwaka 1990, nenda alfajiri kabla watu hawajajaa. Lango la Brandenburg pia, ukiwa uwanja wa Pariser Platz, maana jua la asubuhi linapiga upande huo. Kibanda cha Checkpoint Charlie, kituo cha zamani cha ukaguzi mpakani, ni nakala, kiache.

Ukitembea katikati ya mji tazama chini: safu mbili za mawe zinakata barabara, zinaonyesha Ukuta ulikopita. Pale magari yanapozikanyaga bila kupunguza mwendo, chuchumaa upige.

Tuambie unaenda mwezi gani. Kama ni Desemba, jua linazama karibu saa kumi jioni, kwa hiyo Bernauer usiivushe asubuhi.